Haleluya Saba kwa Ufunguo Mmoja

Imba mi. Shuka nusu toni, hadi re iliyopandishwa, kisha rudi kwenye mi. Mwalimu wa kwaya aliyezoea tonik solfa anaweza kuwafundisha wanakwaya wake noti hizo tatu kabla hawajamaliza kukaa kwenye mabenchi. Hakuna hatua ndogo kuliko hiyo kwenye kinanda. Ni kama mtu anayeinamisha kichwa kidogo na kukiinua tena. Noti hizo Johann Sebastian Bach hakuzitunga. Alizikuta kanisani, kama sisi sote tunavyozikuta nyimbo za kanisa, akazijengea kantata ya Pasaka, yaani kazi ya waimbaji na ala, inayochukua takriban dakika 20. Jina lake ni Christ lag in Todes Banden, maana yake Kristo alilala katika kamba za mauti. Katika orodha ya kazi zake imepewa alama ya BWV 4.

Namba hiyo isimpoteze msomaji. Haisemi kwamba hii ndiyo kantata ya nne aliyoitunga. Wolfgang Schmieder, aliyetoa orodha ya BWV mwaka 1950, alizipanga kantata kwa kufuata toleo kubwa la kazi za Bach lililoanza kuchapishwa mwaka 1851, na katika juzuu lake la kwanza hii ilikuwa ya nne kati ya kumi. Kwa umri ni miongoni mwa kantata za mwanzo kabisa tulizonazo kutoka mkononi mwake. Kantata zake za kanisani zilizosalia zinakaribia 200. Nimeichagua hii kuwa sura nzima kwa sababu ndiyo inayojibu vizuri kuliko nyingine swali moja ambalo kila mwanakwaya analijua hata kama hajawahi kulitamka: mtu aliyetoka mazikoni jana anaimbaje Haleluya leo?

Tuanze na tuni, kwani yenyewe ni ya kale kuliko Bach kwa karne nyingi. Chimbuko lake ni wimbo wa Kilatini wa misa ya Pasaka, Victimae paschali laudes, unaohusishwa na Wipo, kasisi wa karne ya 11. Wajerumani wakaugeuza kuwa wimbo wa Pasaka wa kuimbwa na watu wote kwa lugha yao. Mwaka 1524 Martin Luther akaushika upya, akauandikia beti saba, na kila ubeti akaufunga kwa neno Haleluya. Luther hakuandika shangwe tupu. Beti zake zinaanza kaburini, zinakiri kwamba hakuna binadamu aliyeweza kuishinda mauti, zinasimulia vita kati ya uzima na mauti, zinamkumbuka mwanakondoo wa Pasaka ya Kutoka ambaye damu yake ilipakwa milangoni, na ndipo zinafika kwenye sikukuu na mkate. Ni safari, na kila kituo chake kina Haleluya. Hata katika vituo vya giza neno hilo lazima litamkwe.

Katika vitabu vya 1524 hatua ile ya kwanza ya tuni inashuka toni nzima. Katika kantata ya Bach inashuka nusu toni. Msomaji anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Naomba avumilie, maana kantata nzima imetoka katika upenyo huo mdogo.

Bach alizaliwa Eisenach mwaka 1685. Katika mji huohuo Luther alisoma akiwa kijana, na katika ngome ya Wartburg iliyo juu ya mji alijificha na kulitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Mama yake Bach alifariki mwaka 1694, na miezi michache baadaye baba yake akamfuata. Mtoto hakuwa ametimiza miaka kumi. Akachukuliwa na kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa Ohrdruf. Simaanishi kwamba kila noti ya huzuni aliyoiandika ilitoka kwenye makaburi hayo mawili. Kazi ya sanaa haisomwi hivyo. Ninachosema ni kwamba mtu huyu alipoandika muziki kuhusu mauti hakuwa akiandika habari za kusikia.

Mwaka 1703 akapata kazi ya kupiga kinanda Arnstadt. Mwishoni mwa mwaka 1705 aliomba ruhusa ya wiki nne, akatembea kwa miguu karibu kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiliza fundi mkubwa Dieterich Buxtehude, na akakaa huko takriban miezi minne. Aliporudi, wakuu wa kanisa walimwita kikaoni. Walimuuliza alikuwa wapi muda wote huo, kisha wakaongeza lalamiko lingine: kwamba anaposindikiza korali, yaani nyimbo za waumini, huchanganya ndani yake noti za ajabu, hata waumini wanapotea. Lalamiko hilo tuliweke akilini. Kijana aliyeshutumiwa kwa kuuvuruga wimbo wa waumini ndiye ambaye muda si mrefu baadaye angeandika kantata isiyouacha wimbo wa waumini hata kwa ubeti mmoja.

Mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Blasius mjini Mühlhausen alipofariki Desemba 1706, nafasi ikawa wazi. Bach alifanyiwa majaribio siku ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1707, akiwa na umri wa miaka 22 na mwezi mmoja. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kazi aliyoipeleka ni kantata hii. Kazi akaipata.

Wakati huo katika nchi za Kijerumani muziki wa kanisa ulikuwa umeanza kuelekea upande mwingine. Washairi walikuwa wakiwaandikia watunzi maneno mapya kwa mtindo wa opera, wenye resitativu, yaani maneno yanayosemwa nusu kwa kuimbwa, na aria, ambamo mwimbaji mmoja hufungua moyo wake kwa mapambo mengi. Baadaye Bach mwenyewe angekuwa bingwa wa mtindo huo. Lakini hapa hakuna resitativu hata moja, wala shairi jipya. Kuna beti saba za Luther, zote, kwa mpangilio wake, neno kwa neno, na katika kila ubeti tuni ya Luther inasikika. Mtunzi Johann Pachelbel naye alikwishautungia wimbo huohuo kantata kwa njia hiyo. Bach akajibana zaidi: sehemu zote zimo katika ufunguo mmoja, E maina. Utangulizi wa ala ni E maina, ubeti wa kwanza E maina, na hivyohivyo hadi wa saba. Mtunzi yeyote atakwambia kwamba kubadili ufunguo ndiyo njia nyepesi ya kumzuia msikilizaji asichoke. Bach aliikataa njia hiyo kwa kazi nzima.

Amejifunga kamba, kwa maneno mengine, kama jina la wimbo linavyosema. Kilichobaki mikononi mwake ni sauti, mapigo, kasi na ile nusu toni.

Utangulizi ni mfupi mno, mizani 14 tu. Fidla zinaingia kwa kuishuka nusu toni, zinanyamaza, zinarudia, kana kwamba zinajaribu kukumbuka tuni na kumbukumbu inakatika. Chini yake kuna viola mbili, si moja, jambo linaloifanya sauti ya katikati kuwa nzito na ya kahawia. Mpangilio huo ulikuwa wa karne iliyopita, wa kina Buxtehude. Kijana wa miaka 22 anaandika kama mzee, na nadhani alijua anachokifanya.

Kisha kwaya. Katika ubeti wa kwanza sauti ya kwanza inaimba tuni kwa noti ndefu zilizotulia, huku sauti ya pili, teno na besi zikikimbia chini yake na kupokezana vipande vya tuni hiyohiyo. Neno la mwisho likikaribia, Bach anabadili mwendo ghafla. Mapigo yanakuwa ya haraka, waimbaji wote wanatupwa ndani ya Haleluya, na kwa muda msikilizaji anadhani Pasaka imekwisha kufika.

Haijafika. Ubeti wa pili unasema kwamba hakuna mwana wa binadamu aliyeweza kuizuia mauti. Wanaoimba ni sauti ya kwanza na ya pili peke yao. Neno la Kijerumani lenye maana ya mauti limewekwa kwenye nusu toni ileile, likishuka: mmoja anaimba, mwingine anafuata, mmoja tena, mwingine tena, huku besi ikitembea chini kwa hatua zisizobadilika kama watu waliobeba jeneza. Hapo ndipo msikilizaji anagundua noti zile tatu za mwanzo zilikuwa nini. Alama ya mauti ilikuwamo ndani ya wimbo wa Pasaka tangu noti ya pili. Na ubeti unapofika mwisho, Haleluya lazima iimbwe, kwa sababu Luther aliiandika. Bach haifichi wala haipaki rangi ya furaha. Haleluya hii inashuka, inajikokota, sauti mbili zikiegemeana kama ndugu wawili waliofiwa. Sijui Haleluya nyingine katika muziki wa kanisa inayofanana na hiyo. Ni Haleluya ya mtu anayelia, na bado ni Haleluya.

Ubeti wa tatu ni wa teno, akisindikizwa na fidla zote zikipiga kwa pamoja mbio zisizopumzika. Maneno yanasema Mwana wa Mungu amekuja mahali petu na kuinyang'anya mauti haki na nguvu zake. Fidla zinapiga noti nzito kadhaa kwa pamoja, kama mapigo ya panga. Kisha inakuja kauli kwamba hakuna kilichobaki ila sura ya mauti, na kwenye neno lenye maana ya "hakuna" muziki unakatika. Kimya. Teno anaendelea polepole kwa maneno machache, akiitazama sura hiyo iliyobaki, halafu fidla zinarudi mbioni kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni mpigo mfupi unaoonyesha kwamba mtunzi huyu aliyasoma maneno kwa jicho la mhubiri.

Sasa tumefika katikati, na katikati hapa ni mahali halisi. Ukizipanga sehemu saba utaona zimejengwa kama mlima: kwaya, sauti mbili, sauti moja, kwaya, sauti moja, sauti mbili, kwaya. Ubeti wa nne ndio kilele, na ndio unaosimulia vita vya ajabu, uzima na mauti wakishikana mieleka. Ungetazamia ala zote zipigwe hapa. Bach anazinyamazisha fidla na viola, anabakiza waimbaji na ala za besi tu. Vita vinapiganwa kwa sauti za binadamu. Tuni anaishika mwanamuziki ambaye kwa kawaida hapewi heshima hiyo, sauti ya pili, akiwa katikati ya ugomvi, huku sauti ya kwanza, teno na besi wakirushiana vipande vifupi vikali.

Luther anasema Maandiko yametangaza jinsi mauti moja ilivyoila nyingine. Bach anaonyesha. Sauti moja inaingia, kabla haijamaliza nyingine imeingia juu yake na maneno yaleyale, kisha ya tatu juu ya hiyo, kila moja ikimeza mkia wa iliyotangulia, hadi zote zinatoweka. Mauti imeliwa mbele ya masikio yetu. Baada ya hapo waimbaji wanalirusha neno la dhihaka kutoka mdomo hadi mdomo, kama watoto wanaomzomea mnyanyasaji aliyeanguka. Na Haleluya? Badala ya kupaa inashuka, inapungua nguvu, inazimika kama moto wa vita uliokosa kuni. Kama ningeruhusiwa kuokoa sehemu moja tu ya kantata hii, ningeokoa hii.

Ubeti wa tano ni wa besi pamoja na ala za nyuzi, kwa mwendo wa mapigo matatu. Ala za besi zinaanza kwa kushuka nusu toni baada ya nusu toni, njia ambayo watunzi wa zama hizo waliitumia kwa maombolezo. Maneno ni ya mwanakondoo na damu mlangoni. Mwimbaji anapofika kwenye neno la mauti anaanguka ghafla zaidi ya oktavu moja, hadi shimoni kabisa mwa sauti yake, na anashikilia huko. Muda mfupi baadaye, anapomtaja muuaji asiyeweza tena kudhuru, yuko juu sana, ameishika noti moja kwa muda mrefu huku fidla zikizunguka kwa kasi. Besi wengi wanaogopa ukurasa huo, na wana haki.

Wa sita ni sikukuu: sauti ya kwanza na teno, mapigo ya kurukaruka, na Haleluya iliyojaa noti tatutatu zinazobubujika. Sina mengi ya kusema juu yake, furaha yake inajieleza. Wa saba ni korali ya sauti nne, wazi, isiyo na pambo, noti dhidi ya noti, kama waumini wanavyoiimba. Baada ya yote yale, tuni inarudishwa kwa wenyewe.

Miaka 17 baada ya Mühlhausen, Bach akiwa msimamizi wa muziki Leipzig, aliitoa kantata hii tena siku ya Pasaka ya 1724, na mara nyingine Pasaka ya 1725, tarehe 1 Aprili. Mara hiyo ya pili ina maana kubwa. Tangu Juni 1724 alikuwa akitunga karibu kila wiki kantata mpya iliyojengwa juu ya korali moja, mradi ambao wengi huuhesabu kuwa mkubwa kuliko yote aliyoufanya kwa ajili ya ibada. Ukomo wake ulikuwa mwishoni mwa Machi 1725. Wiki iliyofuata, Pasaka yenyewe, akaiweka kazi yake ya ujana. Mtu aliyekwishatunga kantata nyingi kiasi hicho kwa njia ya kisasa hakuona haya kuiweka hii ya kale kando yao. Aliongeza tu korneto na tromboni tatu zifuatane na sauti za waimbaji. Nakala alizoandika mwenyewe ujanani zimepotea. Tunachokijua tunakijua kutokana na karatasi za wapigaji na waimbaji wa Leipzig, ambazo baada ya kifo chake mwaka 1750 mjane wake Anna Magdalena aliziacha kwa shule ya Mtakatifu Thomas, na hadi leo zimetunzwa mjini humo.

Jina la Leipzig si geni Kilimanjaro. Wamisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig walifika huko mwaka 1893, na pamoja na Biblia walileta korali. Kantata hawakuzileta. Kitabu cha Mwimbieni Bwana kinachotumiwa na KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kina nyimbo nyingi zenye asili hiyo, zikiwamo za Luther, na matarumbeta yanayozisindikiza katika sharika nyingi za Kilutheri yanafanya kazi ileile ya tromboni za 1725: kuishika mkono sauti ya mwimbaji isitetereke. Kwa hiyo mwanakwaya wa Marangu au Machame akiisikia BWV 4 kwa mara ya kwanza hasikii kitu cha ugenini mtupu. Anasikia korali, jamaa ya zile alizolelewa nazo, ikiwa imefunguliwa na kuonyeshwa kilichomo ndani.

Kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni kwamba kazi kama hii inahitaji kwaya kubwa na okestra. Bach mwenyewe, katika waraka aliouandikia baraza la mji wa Leipzig mwaka 1730, alitaka waimbaji wasiopungua 12 kwa kwaya, na ikiwezekana 16. Kwaya nyingi za mtaani kwetu zina zaidi ya hao. Kikwazo kingine ni lugha, na hicho nacho kimewahi kurukwa: miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za kantata hii ni ya mwaka 1931, ya kwaya ya Orfeó Català ya Barcelona, na waliiimba kwa Kikatalani, lugha ya nyumbani kwao.

Mwalimu wa kwaya unayesoma sura hii, anza na ubeti wa nne. Hauhitaji fidla hata moja. Kinanda cha kushika besi kinatosha. Wape sauti ya pili tuni, waambie wasiwakimbilie wenzao hata vita vikichacha, na ile Haleluya ya mwisho iache izimike yenyewe.